Somo la Mtandaoni Litakalofunguka Kwenye Simu ya Mzazi: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

Walimu wenzangu wakisikia naandaa masomo ya mtandaoni, swali la kwanza ni "Unatumia programu gani?" Nimeulizwa Masasi, nimeulizwa Lindi mjini, na wiki iliyopita nimeulizwa tena kwa ujumbe wa sauti kutoka Newala. Nimeona niandike yote mahali pamoja, ili atakayeuliza kesho nimpe hii.

Kabla ya programu, mimi huuliza simu itakayopokea somo ni ya nani. Huku kwetu mara nyingi ni ya mama au ya baba, kioo kimepasuka kona moja, memori imejaa picha za harusi, na bando ni la siku. Somo likikataa kufunguka kwenye simu hiyo, kazi yako yote imeishia kwako. Somo langu la kwanza lilikuwa video ya dakika 31, lina muziki chini ya sauti na maandishi yanayoruka. Mama mmoja wa Kitangari alinipigia akaniambia, "Mwalimu, bando limeisha hujamaliza salamu." Alikuwa amelinunua bando lile kwa ajili ya somo langu tu. Tangu siku hiyo sitoi somo bila kulipima uzito.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tunda la mkorosho. Kila mtoto wa Mtwara na Lindi amekula bibo, ile sehemu laini yenye maji inayoshikana na korosho, na karibu wote wanaamini bibo ndilo tunda. Kisayansi tunda ni korosho yenyewe na ganda lake. Bibo ni kikonyo kilichovimba, yaani kile kijiti kinacholishikilia tunda. Ni somo dogo, lina kitu cha kuonyesha, na lina kosa la kusahihisha. Tafuta somo la namna hiyo kwa kuanzia.

Vya kuwa navyo

- Simu janja yenye nafasi ya GB 5 hivi iliyo wazi.
- Spika za masikioni za waya zenye maikrofoni. Zile za bei ya chini za sokoni zinatosha.
- Stendi ya simu, au tofali mbili na raba ya kufungia.
- Khanga mbili au blanketi, kwa ajili ya sauti. Nitaeleza.
- Daftari na penseli.
- Programu moja ya kuhariri kwenye simu, kama CapCut au InShot. Mwenye kompyuta aongeze PowerPoint kwa slaidi, Audacity kwa sauti na HandBrake kwa kupunguza uzito wa video. Hizi mbili za mwisho ni za bure.
- Simu ya pili, duni kuliko yako, ya kujaribia. Iazime kwa jirani. Walimu wengi huiruka hii, nami ndiyo ninayoithamini kuliko vyote vilivyotajwa.

Hatua ya 1: Ijue simu ya mpokeaji

Waulize wazazi watano tu. Simu ni janja au kitochi? Inakuwa nyumbani saa ngapi? Mnanunua bando la siku au la wiki? Mtandao unashika ndani ya nyumba, au mpaka mtoke uani? Nani anakaa na mtoto akifungua somo?

Majibu hayo yataamua urefu wa somo, uzito wake na saa ya kulituma. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukianza, mzazi anashinda shambani na simu iko naye. Somo la saa 3 asubuhi linafunguliwa saa 2 usiku, mtoto naye alikuwa anaokota korosho tangu mchana. Kipindi hicho mimi hutuma Ijumaa jioni, basi.

Familia yenye kitochi usiiache nje. Vitochi vingi vinacheza sauti kutoka kwenye memori kadi. Weka sauti ya somo kwenye kadi, mpe mtoto karatasi moja yenye picha zenye namba, na kwenye sauti useme "tazama picha namba 2". Somo limefika bila intaneti.

Hatua ya 2: Andika lengo moja, kwa kitenzi kinachoonekana

"Mwanafunzi aelewe tunda la mkorosho" halifai, kwa sababu huwezi kumwona mtu akielewa. Andika: "Akipewa picha ya korosho na bibo, mwanafunzi aonyeshe tunda halisi na aeleze bibo limetokana na nini." Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, una masomo mawili. Yatenganishe sasa hivi, kabla hujarekodi chochote.

Chini ya lengo andika swali la mwisho utakalomuuliza mwanafunzi. Kila kitakachoingia kwenye somo kiwe kinamsaidia kulijibu swali hilo. Historia ya mkorosho kuletwa na Wareno kutoka Brazili inavutia, mimi mwenyewe naipenda, lakini kwenye somo hili haina kazi. Nimeitoa.

Hatua ya 3: Gawa kazi kati ya sauti, picha, maandishi na video

Hapa ndipo somo linapopona au kuharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Sauti ni ya kueleza. Picha ni ya kuonyesha umbo, mahali na ukubwa. Maandishi ni ya vitu ambavyo mwanafunzi atarudia kuvisoma: maneno mapya, hatua za kufuata, maswali. Video ni ya kitu kinachosogea au kubadilika mbele ya macho, na ndiyo nzito kuliko vyote, kwa hiyo iite ikihitajika tu. Picha nne zilizopangwa vizuri na sauti juu yake zinafundisha tunda la mkorosho sawasawa na video, kwa uzito mdogo sana.

Chukua mfano wa historia. Ukifundisha mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, yule ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba huku Lindi kati ya 1909 na 1913, na ambaye mifupa yake imesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, ukisema tu "ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu" mtoto anaandika 13 na kusahau. Chora mjusi pembeni ya darasa lenu, kisha chora darasa juu ya darasa hadi yafike manne. Hiyo ndiyo kazi ya picha.

Nadharia ni kidogo tu. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio kwa miaka mingi kuhusu namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Mambo matatu ninayoyatumia kila siku kutoka kwake ni haya: jina la kitu likae pembeni ya kitu chenyewe, sauti na picha yake vije pamoja, na usiyasome kwa sauti maandishi marefu yaliyo kwenye skrini. Mtoto akiona aya nzima huku wewe unaisoma, macho yake yanakimbia mbele, masikio yanabaki nyuma, na ile picha uliyohangaika nayo haitazamwi.

Onyo: muziki chini ya maelezo uache. Ua linalozunguka kwenye kona uliache. Najua vinapendeza. Mtoto anayesikiliza kwa spika ndogo ya simu, ndugu zake wakiongea pembeni, anahitaji sauti yako peke yake.

Hatua ya 4: Andika hati ya somo katika safu mbili

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari katikati. Kushoto andika kinachoonekana, kulia kinachosikika. Kipande cha mwanzo cha somo letu kiko hivi:

1. *Kinachoonekana:* bibo jekundu linaning'inia, korosho iko chini yake. *Kinachosikika:* "Hili unalijua, umelila mara nyingi. Nikikuuliza tunda ni lipi hapa, utaonyesha wapi? Simamisha, uonyeshe kwa kidole."
2. *Kinachoonekana:* picha ile ile, mshale kwenye korosho. *Kinachosikika:* "Tunda lenyewe ni hili dogo la huku chini, lenye ganda gumu. Mbegu tunayoila imo ndani yake."
3. *Kinachoonekana:* shada lenye korosho changa za kijani. *Kinachosikika:* "Sasa rudi nyuma, wakati bado changa. Korosho imeshakua, lakini juu yake unaona kijiti chembamba tu. Kijiti hicho ni kikonyo."
4. *Kinachoonekana:* kikonyo kimeanza kujaa. *Kinachosikika:* "Kikonyo kile kile kinavimba, kinajaa maji, kinapata rangi. Hapo ndipo tunaliita bibo."

Angalia mambo mawili. Somo limeanza na swali, tena swali ambalo wengi watalikosa, ili wapate hamu ya kujua. Pia picha ya tatu ndiyo inayotoa ushahidi: ukiona korosho imeshakua na bibo halipo, hubishi tena. Picha hiyo huipati wakati wa kuvuna. Ilibidi niipige mapema, korosho zikiwa bado za kijani. Panga masomo yako kwa kalenda ya shamba.

Andika kama unavyoongea na mtoto mmoja aliyekaa mbele yako. "Wewe" na "tazama" vinafaa kuliko "wanafunzi wanapaswa kutambua kwamba". Kisha soma kwa sauti ukiwa na saa. Mimi nikisoma kwa utulivu natumia maneno 110 hivi kwa dakika, kwa hiyo hati ya maneno 450 inanipa dakika nne. Jipime mwenyewe.

Kwa sekondari kuna jambo la ziada. Mtihani uko kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha kwanza ametoka juzi kwenye shule ya msingi ya Kiswahili. Usimpe dhana mpya na maneno mapya kwa pamoja. Siku moja kabla ya somo tuma orodha ya maneno matano, kila moja na picha yake na sauti ya namna linavyotamkwa. Somo lenyewe litakuwa jepesi.

Hatua ya 5: Tengeneza slaidi kwa ajili ya kioo kidogo

Slaidi moja, wazo moja. Herufi zisipungue pointi 32. Majina ya sehemu yaandike juu ya picha, karibu na sehemu zenyewe. Ukiweka namba na kuyaorodhesha chini, mtoto anahamisha macho kila mara. Maandishi meusi juu ya rangi nyeupe au ya maziwa yanasomeka hata nje juani. Njano juu ya nyeupe haionekani kabisa.

Jaribu hivi: tuma slaidi kwenye ile simu ya kuazima, nyoosha mkono, soma. Ukikunja macho, ongeza herufi na upunguze maneno.

Picha piga mwenyewe kila unapoweza. Picha za mtandaoni zina wenyewe, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Mkorosho uko nyuma ya nyumba, hakuna sababu ya kuazima picha ya mkorosho wa watu.

Hatua ya 6: Rekodi sauti

Mtoto atavumilia picha yenye ukungu. Sauti yenye mwangwi na makelele haivumilii, anafunga.

Chagua chumba kidogo chenye godoro na nguo. Sebule tupu yenye sakafu ya vigae inavuma. Tundika khanga moja ukutani mbele yako na nyingine nyuma ya kichwa, mbali kidogo na ukuta. Zima feni. Weka simu kwenye hali ya ndege, ili mtu asipige ukiwa dakika ya tatu. Maikrofoni iwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili herufi "p" na "b" zisipulize.

Saa ya kurekodi ina uzito wake. Mchana kuna bodaboda, kuna watoto, na chini ya bati kuna joto litakalokulazimisha uwashe feni. Mimi hurekodi saa 3 usiku au alfajiri baada ya sala. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wingu likifunga, acha. Mvua juu ya bati haiondolewi na programu yoyote.

Rekodi sekunde 20, vaa spika za masikioni, sikiliza. Ukiridhika ndipo uendelee. Ukikosea sentensi usizime: nyamaza kidogo, irudie yote, kosa utalikata baadaye.

Hatua ya 7: Rekodi video pale tu inapohitajika

Kwenye somo letu kuna sehemu moja ya kusogea: kuipasua korosho ili mbegu ionekane ndani. Funga simu kwenye stendi iangalie chini, kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande. Onyesha mikono na kitu chenyewe. Uso wako si lazima uonekane. Sekunde 30 zinatosha.

Onyo la kweli: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi. Vaa glavu, na useme wazi kwenye sauti kwamba mwanafunzi asijaribu nyumbani. Ukionyesha jambo lolote la hatari, onyo liwe ndani ya video yenyewe, kwa sababu ujumbe ulioandika pembeni utapotea video ikisambazwa.

Sura za watoto usizitumie bila ruhusa ya mzazi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto wa mwenzio ni wa kulindwa.

Hatua ya 8: Hariri, kisha kata vipande

Ondoa ukimya mrefu, ondoa makosa, panga picha juu ya sauti. Kisha kata. Philip Guo na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, waliona kwamba muda wa kati ambao watu walitazama haukuvuka dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Wale walikuwa watu waliojiandikisha wenyewe. Kwa mtoto mwenye simu ya kuazima, mimi naishia dakika 4 kwa kipande.

Kila kipande kiishe na kazi: swali, mchoro, kitu cha kwenda kutafuta uani. Acha sekunde tano za kimya baada ya swali. Zitaonekana nyingi unapohariri. Kwa mtoto anayefikiri ni chache.

Hatua ya 9: Punguza uzito

Hesabu ni rahisi. Kilobiti kwa sekunde ni kipimo cha data inayotumika kila sekunde. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja, ina KB 240 kwa dakika, kwa hiyo dakika 4 hazifiki MB 1. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde ina MB 3.75 kwa dakika. Dakika 4 ni MB 15. Video kama ilivyotoka kwenye kamera, yenye ukubwa wa picha wa 1080p, inaweza kula MB 100 kwa dakika moja. Sasa unaona bando la yule mama lilikokwenda.

Toa video kwa 480p, ukubwa mdogo wa picha, muundo wa MP4, kodeki (njia ya kubana video) ya H.264. Slaidi hazisogei, kwa hiyo fremu 15 kwa sekunde, yaani picha 15 zinazofuatana kila sekunde, zinatosha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, isije ikabanwa mara ya pili na kuharibu maandishi. Pamoja na video tuma toleo la sauti na picha zisizosogea, bila video. Andika uzito kwenye ujumbe: "Kipande cha 1, MB 12." Mzazi ajue kabla hajapakua.

Hatua ya 10: Jaribu na mtoto mmoja, ndipo utume

Mpe mtoto wa jirani ile simu ya kuazima. Kaa pembeni, funga mdomo. Angalia anapokunja uso, anaporudisha nyuma, anapoacha kutazama. Ukijikuta unataka kumweleza, andika dakika na sekunde: hapo ndipo somo lina tundu. Mtoto wangu wa majaribio aliniuliza "kikonyo ndiyo nini?" Nilidhani kila mtu anajua. Nikaongeza picha ya kikonyo cha embe, kisha nikatuma.

Tuma kipande kimoja kwa siku, chenye namba kwenye jina la faili. Ukivituma vitano pamoja, mtoto ataanza na cha nne.

Mambo yanapogoma

*Sauti inasikika, picha nyeusi.* Video imetoka kwa kodeki ya HEVC, na simu nyingi za zamani haziifungui. Itoe upya kwa H.264. Mwenye iPhone abadilishe mpangilio wa kamera uwe ule unaokubaliana na vifaa vingi.

*Sauti iko mbele ya picha.* Mara nyingi simu ilirekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Ipitishe HandBrake, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, kisha hariri.

*Sauti ni ndogo kwenye simu za wengine.* Kwenye Audacity tumia amri ya kusawazisha sauti kabla ya kutoa faili. Usikimbilie kuongeza sauti tu, maana itapasuka.

*Wazazi wanasema haijafika.* Uliza kwanza kama memori imejaa. Wengi ndipo walipokwama.

*Mtandao umekatika mkoa mzima.* Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilitaabika kwa siku kadhaa. Tunza nakala za masomo kwenye memori kadi mbili shuleni, na watoto wanaokaa karibu wapokezane.

*Watoto wanafungua lakini hawajibu.* Huenda hawana bando la kujibu kwa picha. Waambie wajibu kwa namba na herufi tu, 1B, 2A, au waandike daftarini ukusanye Jumatatu.

*Wanajibu maswali yote, lakini ukiwapa bibo mkononi wanaonyesha pasipo.* Hii ilinitokea kwa watoto sita. Walikuwa wameikariri picha yangu, ambayo korosho iko chini. Niliwapa bibo nikiwa nimeligeuza, korosho juu, wakapotea. Nilipiga picha tatu mpya: moja imegeuzwa, moja ya bibo la njano, moja ya korosho kavu iliyonyofolewa. Nikawaagiza kila mmoja aokote bibo moja, alichore jinsi lilivyoanguka chini, na aandike neno "tunda" mahali pake.